Mwana Kupona: Mama aliyemwachia bintiye hazina ya beti 102

WAHENGA walionya kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mnamo 1858, mama mmoja wa visiwa vya Lamu aliyekuwa hoi kwa maradhi aliupima uzito wa methali hiyo jinsi mzazi mwenye afya asivyoweza kuupima.

Alikuwa mjane. Mumewe, mtawala aliyeishi miaka mingi akipambana na maadui wenye nguvu kumshinda, alikuwa amefariki miaka miwili awali. Ugonjwa ulikuwa umemtesa mama huyo kwa mwaka mzima. Alikuwa na binti wa umri wa miaka 17 hivi, na mwana wa kiume ambaye alikuwa angali mdogo.

Alifahamu kuwa huenda asiishi kumwona bintiye akitulia katika nyumba yake mwenyewe, wala asingekuwapo kumjibu siku atakapotatizika. Ndipo akamwita asogee karibu, akamtaka aje na wino na karatasi, aanze kwa jina la Mwenyezi Mungu na aandike.

Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu. Aliyomwambia bintiye ndiyo Utendi wa Mwana Kupona, mojawapo ya tungo za Kiswahili zinazojulikana zaidi kutoka karne ya 19, na ambayo ingali inasomwa na kujadiliwa zaidi ya miaka 160 baada ya mtunzi wake kuaga dunia.

Watu wengi wanaulijua jina lake kwa sababu ya shairi hilo pekee. Hata hivyo, maisha yaliyolizaa shairi lenyewe yanastahili kujulikana, kwa kuwa yanaonyesha jinsi mama mmoja, asiye na muda wala uwezo wa kumlinda mwanawe kwa njia nyingine, alivyoamua kuyageuza maarifa yake kuwa urithi.

Kisiwa cha wanazuoni na mafundi

Mwana Kupona alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Kisiwa hicho kina miji ya kale mitatu inayotajwa sana katika historia, yaani Pate wenyewe, Siyu na Faza.

Huko ndiko fasihi andishi ya Kiswahili ilikopata baadhi ya mizizi yake mirefu. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake una tarehe ya 1728, ulitungwa Pate na Mwengo bin Athumani. Al-Inkishafi, utungo unaosikitikia kuporomoka kwa majumba ya fahari ya mji huo, ni kazi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir.

Siyu, mji ambao Mwana Kupona aliolewa na kuishi, ulikuwa na sifa zake. Mafundi wake walichonga milango na samani, wakafua fedha, wakashona viatu vya ngozi na kujalidi vitabu. Wanakili wake waliandika misahafu kwa mkono, na baadhi ya misahafu hiyo ingalipo hadi leo kama ushahidi wa ustadi wao.

Katika mazingira kama hayo, elimu haikuwa kitu kigeni kwa mwanamke wa ukoo wenye hadhi. Mabinti wa tabaka hilo walifunzwa Kurani na herufi za Kiarabu, ambazo pia ndizo zilizotumiwa kuandikia Kiswahili kabla ya herufi za Kilatini kuenea. Walikua wakisikia tenzi zikighaniwa majumbani, wakazihifadhi moyoni.

Mwana Kupona alikuwa zao la malezi hayo. Hakuwa mwanamke aliyebahatika kutunga shairi moja kwa ghafla alipougua. Utungo wake unadhihirisha mtu aliyeijua lugha yake, dini yake na kanuni za utenzi barabara.

Mke wa mtawala asiyekubali kushindwa

Mnamo 1836 aliolewa na Muhammad bin Is-haq, anayejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka, shehe aliyeutawala mji wa Siyu.

Ili kuelewa nyumba aliyoingia, ni muhimu kuzikumbuka siasa za zama hizo. Takriban mwaka wa 1812, Pate ikisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa iliishambulia Lamu na kushindwa vibaya katika vita vya Shela. Watu wa Lamu, wakihofia kulipiziwa kisasi, waliomba ulinzi wa Sayyid Said, mtawala wa Oman, naye akaitumia fursa hiyo kujipenyeza katika pwani yote.

Mombasa iliangukia mikononi mwake mwaka wa 1837. Mji baada ya mji ulisalimu amri, na Zanzibar ikawa makao makuu ya himaya yake.

Siyu haikusalimu amri. Mji huo mdogo, ambao hufikiwa kwa mashua kupitia mkondo uliozingirwa na mikoko na ambao vyombo haviwezi kuukaribia maji yanapokupwa, uliyahimili majeshi ya Sayyid Said mara kadhaa. Mnamo 1845 jeshi lake lilipata pigo kubwa huko, na jemadari wake Hamad bin Ahmad akauawa.

Kiongozi wa ukaidi huo alikuwa Bwana Mataka. Kwa muda wa takriban miaka 20, mume wa Mwana Kupona alikuwa akijiandaa kwa vita, akipigana au akijenga upya baada ya kupigana.

Binti yao, Mwana Hashima, alizaliwa 1841, katikati ya misukosuko hiyo. Baadaye walijaliwa mwana wa kiume, Muhammad.

Jambo la kushangaza ni kwamba vita hivyo havina nafasi katika utendi wa mama yao. Mwana Kupona hataji majemadari wala mizinga. Anachokikumbuka ni kwamba yeye na mumewe waliishi kwa furaha na kicheko tangu siku ya kuoana, bila kuvunjiana heshima, hadi mauti yalipowatenganisha. Anamweleza bintiye kuwa mumewe alipokuwa akikata roho alirudia mara kwa mara kumpa radhi zake, na kwamba tangu siku hiyo kila anapomkumbuka machozi humtoka.

Huenda hilo ndilo somo la kwanza ambalo Mwana Hashima alilipata, kabla hata ya karatasi kuletwa. Nje ya ukuta wa nyumba yao mji ulikuwa ukipigania uhai wake, lakini ndani mama alihakikisha kuwa kuna utulivu. Msichana huyo alikua akiyaona kwa macho mambo ambayo baadaye angeyaandika kwa mkono wake.

Mwaka wa misiba

Bwana Mataka alifariki 1856. Mwaka huo huo, mnamo Oktoba, hasimu wake Sayyid Said naye alifariki baharini akiwa safarini kurejea Zanzibar kutoka Oman.

Vifo hivyo viwili havikuleta amani Siyu. Ufalme wa Zanzibar ulikwenda kwa Sayyid Majid, mwanawe Sayyid Said, na katika miaka ya 1860 mji huo hatimaye ulitiwa chini ya himaya yake. Ukoo wa Bwana Mataka ulipoteza mamlaka uliyokuwa umeyapigania kwa muda mrefu.

Mwana Kupona hakuishi kuushuhudia mwisho huo, lakini haikuhitaji ramli kutambua kuwa nyakati zilikuwa zinabadilika. Watoto wake hawakuwa tena watoto wa mtawala aliye hai. Mume wa kuwalinda hakuwapo, na afya ya mama yao ilikuwa inazidi kuzorota kila uchao.

Mali ingeweza kuporwa. Cheo kilikuwa kimeshaanza kuponyoka. Kilichobaki ambacho hakuna jeshi lingeweza kukiteka ni yale aliyokuwa nayo kichwani.

Kazi ya somo yafanywa na mama

Katika desturi za Waswahili wa pwani, mafunzo ya unyumba kwa msichana si kazi ya mama mzazi. Hukabidhiwa somo au kungwi, mwanamke mwenye umri na tajiriba ambaye anaweza kutamka bayana mambo ambayo haya humzuia mama kumwambia mwanawe.

Mwana Kupona aliivuka mipaka hiyo. Alimweleza bintiye mambo ya chumbani na ya sebuleni, ya kumkanda mume mwili na kumpepea anapolala, ya kujifukiza udi na kujitia manukato, bila kumtuma mtu mwingine. Mama anayejua kuwa siku zake zinahesabika hana anasa ya kungoja somo afike.

Hata hivyo, aliyatamka hayo kwa njia iliyomhifadhia staha. Alitumia utendi, bahari ya ushairi ambayo kila ubeti wake una vipande vinne vya mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho.

Muundo huo haukuwa pambo. Enzi ambapo vitabu vilinakiliwa kwa mkono na kuwa adimu, vina na mizani ndivyo vilivyokuwa kabati la kuhifadhia elimu. Ushauri wa kawaida husahaulika kabla ya jua kutua, ilhali ubeti uliokariri kina humrudia mtu akiwa jikoni, akiwa safarini au akiwa katika dhiki.

Kwa hivyo Mwana Kupona hakumpa bintiye nasaha tu, bali pia alimpa njia ya kuzikumbuka.

Hirizi na kidani

Anapoanza, mama huyo anamkumbusha mwanawe kuwa binadamu si kitu, na kwamba ulimwengu huu si milki ya mtu yeyote. Kisha anamkabidhi zawadi. Anamwambia kuwa anampa hirizi aifunge vizuri kwa uzi na kuienzi, na kuwa anamtungia kidani cha lulu na marijani ili king'are shingoni mwake.

Mtoto wa mtawala wa Siyu alijua fika lulu na marijani ni nini. Mama alikuwa akimfahamisha kuwa vito vya kweli si vile vilivyofungiwa kashani, bali ni maneno aliyokuwa akiyapokea wakati huo.

Mafunzo yenyewe yanaanza na dini. Binti ashike faradhi wala asizipuuze, na sunna azitekeleze kadiri awezavyo. Pili, awe na adabu na ulimi mwema ili apendwe kila anakoingia. Tatu, awe mkweli na mwaminifu, na asiandamane na mtu asiyejali haki.

Anamtaka awe mcheshi katika mazungumzo bila kuumiza mtu, awaheshimu waliomzidi na aondoke kitini kuwapokea. Anamwonya dhidi ya kujiunga na wajinga wasiojua kujizuia.

Kisha anafika kwenye kiini cha mafunzo yake. Mwanamke, anasema, anahitaji radhi tano ili aishi kwa salama duniani na kesho ahera, yaani radhi za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume. Anaitilia mkazo ile ya tano, akieleza kwamba Siku ya Kiyama neno la mume litakuwa na uzito katika hatima ya mkewe.

Kutoka hapo anaingia katika maisha ya kila siku kwa undani wa mtu aliyeendesha nyumba kubwa. Nyumba ifagiliwe na isafishwe hadi msalani. Mume asiamshwe kwa kelele anapopumzika. Atunzwe kama mtoto ambaye bado hajajua kusema. Mke ajipambe kwa wanja na hina, avae pete na bangili, wala asikubali kuonekana mchafu mbele ya mumewe.

Akitaka kutoka aombe ruhusa, na akitoka asikawie. Njiani asijifunue wala asisimame kupiga soga.

Nasaha zinazozua mjadala

Msomaji wa leo hawezi kuzipitia beti hizo bila kusita. Kwa baadhi ya wahakiki, Mwana Kupona ni sauti ya mfumo uliomweka mwanamke chini ya mume na kumtaka ashukuru kwa nafasi hiyo. Yapo pia mawaidha yanayoonyesha waziwazi tabaka lake. Anamtaka bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, kauli iliyotolewa katika jamii ambamo utumwa ulikuwa jambo la kawaida. Hali ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya ilikomeshwa 1907, karibu nusu karne baada ya utendi huo kutungwa.

Hakuna haja ya kuyaficha hayo. Mama huyo alikuwa mtu wa zama zake na wa tabaka lake, na alimfunza bintiye jinsi ya kuishi katika jamii aliyoijua.

Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kuwa kuusoma utendi huo kama orodha ya amri za utiifu ni kuuona upande mmoja tu. Mtafiti Ann Biersteker, katika makala iliyochapishwa 1991, alizua upya mjadala kuhusu lugha ya utungo huo na nguvu iliyomo ndani yake. Wengine wamedokeza kuwa mke anayemtunza mume kama mtoto asiyejua kusema ndiye hasa anayeishika nyumba, na kwamba nyuma ya unyenyekevu kuna mafunzo ya jinsi ya kuwa na usemi mahali ambapo mwanamke hakupewa usemi.

Mvutano huo hauelekei kumalizika. Lakini kuna jambo moja ambalo pande zote mbili haziwezi kulikana, nalo linatokana na tendo lenyewe kuliko maneno.

Mama alitunga, binti akaandika. Mwana Kupona hakumwita mwanamume aje kuwa mwandishi wake. Aliagiza wino na karatasi viletwe na msichana ambaye tayari alikuwa amefunzwa kusoma na kuandika. Kitendo hicho kinamwonyesha binti kuwa kalamu ni chombo chake pia, na kuwa maisha ya mwanamke, pamoja na mapenzi yake, majonzi yake na kazi zake za nyumbani, ni mambo yanayostahili kuandikwa.

Fauka ya hayo, utendi haukomei kwa Mwana Hashima. Katika sehemu zake za mwisho mtunzi anawageukia wanawake kwa jumla na kuwahimiza wausome ili waelewe maana yake. Aliwahesabu kuwa wasomaji, si wasikilizaji tu. Mtu anayeamini kuwa mwanamke hana haja ya elimu hawezi kutoa mwito kama huo.

Dua ya mgonjwa

Sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni dua. Hapa sauti ya mwalimu inapungua na ya mama mgonjwa inasikika. Anamwomba Mola amponye maradhi yaliyomshinda. Anawakabidhi kwake watoto wake, ndugu zake na jamaa zake, pamoja na Waislamu wote.

Ni sehemu ambayo wachanganuzi wengi huipita haraka ili warudi kwenye mjadala wa ndoa. Lakini kwa mzazi yeyote aliyewahi kuugua akiwa na watoto wadogo, hapo ndipo moyo wa utungo ulipo. Mama ameshatoa yote aliyoweza kuyatoa. Yaliyobaki yako nje ya uwezo wake, na anayakabidhi mahali anapoamini kuwa yatakuwa salama.

Anahitimisha kwa kutaja hesabu ya beti zake, 102, na mwaka wa Hijra wa 1275, unaooana na 1858. Si watunzi wote wa zama hizo walioacha alama bayana kama hiyo. Yeye alihesabu kazi yake, akaitia tarehe, akaikabidhi.

Mwana Kupona alifariki Lamu takriban mwaka wa 1860.

Mwanafunzi aliyeitunza shule

Shairi la mgonjwa lililoandikwa na msichana katika kisiwa kilichokuwa kikipoteza uhuru wake lingeweza kutoweka kwa urahisi. Tungo nyingi za wanawake wa pwani zilipotea hivyo, zikazikwa pamoja na waliozihifadhi moyoni.

Hilo halikutokea kwa sababu mafunzo ya mama yalimwingia mwanawe. Mwana Hashima aliishi miaka mingi mno. Alishuhudia Siyu ikitiwa chini ya Zanzibar, kisha Zanzibar yenyewe ikipungukiwa na mamlaka mbele ya Waingereza, kisha pwani yake ikawa sehemu ya Kenya. Katika mabadiliko yote hayo, maneno ya mamaye hayakupotea.

Utendi ulinakiliwa, ukaghaniwa na kuenezwa miongoni mwa wanawake wa Lamu na miji jirani. Mabinti waliokuwa wakikaribia kuolewa waliusikia kutoka kwa mama zao na somo zao, na wosia wa nyumba moja ukawa wosia wa pwani nzima.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Alice Werner, mtaalamu Mwingereza wa lugha za Kiafrika, alifika pwani ya Kenya na kuvutiwa na ushairi wa eneo la Lamu. Wakati huo Mwana Hashima alikuwa angali hai. Werner aliuchapisha utendi huo mnamo 1917 katika jarida la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mnamo 1934, akishirikiana na William Hichens, alitoa toleo la kitabu lenye tafsiri ya Kiingereza.

Mwana Hashima alikuwa amefariki mwaka mmoja tu awali, 1933, akiwa na umri wa miaka 92 hivi. Alikuwa ameyatunza mafunzo ya mamaye kwa zaidi ya miaka 70, muda unaotosha watoto, wajukuu na vitukuu kuyasikia.

Nyayo zilizofuatwa

Tangu hapo Utendi wa Mwana Kupona umekuwa sehemu ya msingi wa fasihi ya Kiswahili. J.W.T. Allen aliujumuisha katika mkusanyiko wake wa tenzi uliochapishwa 1971. Nakala za mswada wake zimehifadhiwa katika maktaba jijini London, na hadi leo wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na ng'ambo huuchambua.

Wasomi pia wameulinganisha na kazi za Shaaban Robert, mwandishi mashuhuri wa Tanganyika aliyefariki 1962. Baada ya mkewe Amina kuaga dunia, Shaaban Robert aliwatungia watoto wake tenzi mbili za nasaha, Adili kwa mwanawe Hussein na Hati kwa bintiye Mwanjaa. Baba aliyeachwa na watoto wasio na mama alijikuta akifanya kazi ileile ambayo mjane wa Siyu alikuwa ameifanya takriban karne moja kabla yake.

Katika Siyu ya leo, ngome ya kale ingali imesimama kando ya mkondo wa bahari, ikiwakumbusha wageni enzi ambapo mji huo ulikataa kutawaliwa. Bwana Mataka anakumbukwa na wanahistoria kwa ukaidi wake. Lakini vita alivyovipigana havikuubakishia ukoo wake utawala, na walio wengi wanamjua kwa kuwa alikuwa mume wa Mwana Kupona.

Mkewe hakuwa na jeshi. Alikuwa na mwanafunzi mmoja, kalamu moja na muda mfupi. Alimfunza msichana huyo yale aliyoyaamini kuwa ya kweli, mengine yakiwa bado yanakubalika na mengine yakiwa yamepitwa na wakati, na alimfunza kwa namna ambayo hangeweza kuyasahau.

Vizazi vilivyofuata vimeyapinga baadhi ya aliyoyasema, vikayatetea mengine na kuyapa maana mpya. Ili kufanya hivyo imewabidi kwanza wayasome, jambo ambalo mwenyewe aliliomba kwa wanawake wote katika beti zake za mwisho. Na wameweza kuyasoma kwa kuwa siku moja ya 1858 msichana wa miaka 17 aliitikia wito wa mamaye, akaketi kando ya kitanda na kuandika alichoambiwa.